Laini Yako Ndiyo Ufunguo: Wezi wa Mtandaoni Wanavyoingia

Mwizi wa mtandaoni anayemlenga Mtanzania wa kawaida mara nyingi hana haja ya kudukua mfumo wa benki. Anaitaka laini yako. Akiipata, namba za uhakiki za benki, barua pepe na WhatsApp zinaingia kwenye simu yake badala ya yako.

Tuanzie mwavulini kwa wakala wa laini. Umekwenda kusajili laini, wakala anakwambia: "Alama haijasoma, weka tena kidole." Huenda ni kweli, hasa kwa fundi mwenye vidole vilivyoliwa na saruji. Lakini huenda alama ya kwanza imesajili laini yako, na ya pili imesajili nyingine kwa jina lako, ambayo kesho itatuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Polisi wakiifuatilia, jina watakalokuta ni lako. Piga *106#, fuata menyu, weka namba yako ya NIDA yenye tarakimu 20, kisha angalia laini zilizosajiliwa kwa namba hiyo. Ukikuta usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika ifutwe. Rudia ukaguzi huo kila unaposajili laini, siku hiyohiyo.

Dalili kuu ya laini yako kuhamishiwa kwenye kadi ya mwizi ni hii: simu yako inakosa mtandao ghafla huku wa jirani yako upo. Usikae ukisubiri mtandao urudi. Azima simu, piga huduma kwa wateja, omba laini na akaunti ya pesa vifungwe, kisha piga benki. Hapo kila dakika ina thamani, maana mwizi naye anajua una muda gani kabla ya kushtuka.

Namba ya siri ya laini yenyewe, ile inayoulizwa simu inapowashwa, wengi wameiacha bila kuiwasha. Haizuii laini kuhamishwa, ila inamzuia kibaka kuchomeka laini yako kwenye simu nyingine. Kabla ya kuiwasha, tafuta namba ya awali kwenye kadi iliyokuja na laini: ukikosea mara 3 utadaiwa PUK, yaani namba ya kufungulia laini iliyojifunga, na ukikosea PUK mara 10 laini imekufa.

Kwa WhatsApp, mtego ni namba ya uhakiki ya tarakimu 6 inayokuja kwa SMS. Rafiki, ambaye akaunti yake imeshatekwa, anakuandikia: "Samahani, nimetuma namba ya uhakiki kwako kimakosa, nirushie." Ukiirusha, umetoa akaunti. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN ya ziada, kwenye mipangilio ya akaunti, na uweke barua pepe ya kurejesha. Ukishatekwa, jisajili upya kwa namba yako. Ukiingiza namba mpya ya uhakiki ya SMS, mwizi anatolewa. Kama ameweka PIN yake ya hatua mbili utasubiri siku 7 kuingia, lakini naye hayumo tena. Tumia siku hizo kuwapigia watu wako wasimtumie hela.

Kwenye biashara hasara kubwa huja kimya kimya, kupitia ankara. Mhalifu anaingia kwenye barua pepe ya msambazaji, anasoma mazungumzo kwa wiki kadhaa, kisha siku ya malipo anatuma akaunti "mpya" ya benki. Lugha ni ileile, nembo ni ileile. Mhasibu asibadilishe akaunti ya malipo kabla ya kumpigia msambazaji kwa namba iliyokuwepo kwenye faili tangu zamani; ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo ni ya mwizi.

Halafu kuna virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia. Kimoja, WannaCry, kilisambaa Mei 12, 2017, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba upenyo huo, Machi 14. Kompyuta nyingi ziliumia kwa sababu hazikusasishwa. Kosa tunalolikuta zaidi ni diski ya nakala kuachwa imechomekwa mwezi mzima: virusi vikija, vinafunga na nakala. Weka nakala tatu, moja ikiwa nje ya ofisi, na diski ichomolewe kazi ikiisha. Kila mwezi jaribu kurejesha faili moja, maana nakala isiyofunguka utaigundua siku unayoihitaji. Kompyuta ikishambuliwa, chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi, lakini usiifomati. Ushahidi umo humo.

Ujumbe wa kitapeli usiufute. Utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, pamoja na namba iliyoutuma.