Usimwogeshe mbwa kabla ya kumchana

Wengi wanaofuga mbwa wadogo wa manyoya marefu hapa Mbeya huamini kwamba manyoya yakisokotana, dawa ni kumwogesha ili yalainike. Sivyo. Maji huyakaza mafundo, na yakikauka yanakuwa kama kipande cha blanketi kuukuu. Chana kwanza, ndipo uogeshe.

Brashi laini nayo haitoshi: inapita juu tu, huku fundo likikua chini, karibu na ngozi. Nunua brashi ya waya nyembamba zilizopinda ncha, pamoja na kitana cha chuma. Bana manyoya kwa vidole kati ya fundo na ngozi, mbwa asivutwe akaumia. Anzia nchani, ukirudi taratibu kuelekea ngozini. Kisha pitisha kitana. Kikikwama, bado hujamaliza.

Mkasi uweke mbali, tafadhali. Ngozi ya mbwa ni nyembamba na huvutwa ndani ya fundo, hivyo ni rahisi mno kuikata. Fundo lililoganda hadi ngozini linyolewe kwa mashine.

Juni na Julai, baridi inapobana na mbwa anavishwa sweta, mvue kila siku umkague kwapani na nyuma ya masikio.