Shahada ya mtandaoni ukubwani: inatambuliwa?

Wengi nchini Uganda huamini kwamba mtu mzima asiye na cheti cha kidato cha sita hawezi tena kupata shahada, na kwamba ya mtandaoni haitambuliki. Hofu hiyo ina sababu: vyuo bandia vipo.

Hata hivyo, mwenye miaka 25 au zaidi anaruhusiwa kufanya mtihani maalumu wa watu wazima, na akifaulu huomba nafasi chuoni. Kuhusu kutambuliwa, kinachotazamwa ni ithibati, yaani kibali rasmi kwamba chuo au programu imekidhi viwango. Fungua tovuti ya mamlaka ya elimu ya juu, tafuta chuo, kisha programu yenyewe, uone kama ithibati yake bado ni hai. Usajili wa chuo peke yake hautoshi; hapo ndipo wengi huteleza.

Anayesoma mtandaoni akiwa Arua, mji ulio mbali na Kampala, huokoa kodi ya chumba cha Kampala, lakini kuna usajili, mitihani, mahafali na bando la intaneti (bando hulika kweli!). Omba orodha ya malipo yote kwa maandishi. Mwenye diploma aulize pia kama masomo aliyofaulu yatahesabiwa. Yakihesabiwa, muhula usiolazimika kuurudia haulipiwi.