Si Alishazaliwa? Sasa Tunamngoja Nani? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Majilio

Jumuiya yetu husali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Miaka kadhaa iliyopita zamu ilimwangukia bibi mmoja, mkubwa kwetu sote kwa umri, na kesho yake ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, kipindi cha Kanisa kinachotangulia Noeli. Tulikaa mkekani barazani kwake. Mwenyekiti akakumbusha michango ya Noeli, kisha mimi, katekista, nikaeleza kwamba sasa tunaanza kumngoja Mtoto Yesu. Bibi akaniangalia, akauliza taratibu: "Mwalimu, si alishazaliwa zamani? Sasa mnamngoja nani?"

Wapo waliocheka. Mimi sikuweza, maana nilijua sina jibu la kumtosha. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba mengi tunayosema kuhusu Majilio tumeyapokea kwa masikio tu.

"Majilio ni kumngoja Mtoto Yesu azaliwe"

Hii ndiyo niliyoisema mwenyewe mbele ya bibi, na ndiyo iliyoenea kuliko zote. Ukweli ni kwamba Yesu alizaliwa mara moja tu, Bethlehemu, na Kanisa halijifanyi kana kwamba bado. Kwa taratibu za liturujia za Kanisa Katoliki, Majilio yana sura mbili: tunajiandaa kwa Noeli, tukikumbuka kuja kwake kwa kwanza, na papo hapo tunaelekeza mioyo kwenye kuja kwake mwisho wa nyakati. Neno la Kilatini *adventus* ni kuja, kufika. Nasi tuna Majilio, lililotoka katika kuja huko huko.

Anayetaka ushahidi afungue kitabu cha masomo ya Misa, ambamo masomo ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu: A, B na C. Injili ya Dominika ya kwanza hutoka Mathayo sura ya 24 katika Mwaka A, Marko 13 katika Mwaka B, na Luka 21 katika Mwaka C. Katika zote tatu hutakuta hori, wala wachungaji, wala nyota. Utamkuta mwenye nyumba asiyejua mwizi atakuja zamu gani ya usiku. Utamkuta bawabu aliyeagizwa akeshe, na watu wanaoambiwa wainue vichwa kwa kuwa ukombozi wao umekaribia. Masomo huigeukia Bethlehemu waziwazi kuanzia tarehe 17 Desemba, siku unaposomwa ukoo wa Yesu kwa Mathayo, ile safu ndefu ya majina kutoka Abrahamu hadi Yosefu.

Kuanzia jioni hiyo mpaka tarehe 23, kwenye Masifu ya Jioni, kuna antifona, yaani viitikio vifupi vya kuimbwa, saba za kale ambazo natamani kila Mkristo angezijua. Kila moja humwita Kristo kwa jina lake: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mapambazuko, Ee Mfalme wa Mataifa, Ee Emanueli. Na kila moja huishia kwenye ombi moja: njoo. Ni ombi la Wakristo wa mwanzo kabisa. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwa Kigiriki, lakini mwishoni mwa waraka wa kwanza akaliacha neno la Kiaramu kama lilivyo, *Marana tha*, Bwana wetu, njoo.

Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, katika karne ya 12, alihubiri kwamba kati ya kuja kwa kwanza katika mwili na kuja kwa mwisho katika utukufu kuna kuja kwa tatu, kwa siri, ndani ya roho ya mtu. Hapo ndipo nilipopata jibu la kumpelekea bibi. Nilimwambia tunamngoja yule yule aliyekwisha kuja, kwa sababu atarudi, na kwa sababu hata leo anabisha. Bibi akatikisa kichwa kukubali. "Kumbe ni mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. Sijawahi kusikia mafundisho ya Majilio yaliyofupishwa vizuri kuliko hayo. Mgeni huyu haji kulishwa tu, anakuja na uponyaji wa mwenyeji, ndiyo maana wenyeji wanamwita badala ya kumwogopa.

"Majilio ni Kwaresima ndogo"

Wanaosema hivi wanaona rangi ya zambarau na "Utukufu kwa Mungu juu" kuachwa. Lakini sikiliza Misa vizuri: Aleluya inaimbwa. Katika Kwaresima Aleluya hunyamaza mpaka Mkesha wa Pasaka. Katika Majilio inaendelea kila Dominika. Utukufu unaachwa ili usiku wa Noeli uimbwe kwa upya, maana ni wimbo wa malaika waliowatokea wachungaji. Hata maua altareni hayakatazwi, yanatakiwa yawe kwa kiasi, furaha ya Noeli isije ikamalizwa kabla ya siku yake.

Na kufunga? Sheria ya sasa ya Kanisa Katoliki inataja siku za toba kuwa Ijumaa zote za mwaka na kipindi cha Kwaresima. Majilio hayamo. Hata hivyo dhana hii haikuzuka hivi hivi. Katika karne ya 5 Askofu Perpetuo wa Tours, huko Ufaransa ya leo, aliweka mfungo wa siku tatu kwa wiki kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, hadi Noeli. Waorthodoksi mpaka leo wana mfungo wa siku 40 kabla ya Noeli, na Waethiopia hufunga siku 43. Kwa hiyo Mkatoliki anayefunga Majilio kwa hiari yake anafanya jambo jema na la kale. Asimwambie tu jirani yake kwamba ametenda dhambi kwa kula nyama Jumanne.

Dada wa dhana hii ni ile isemayo kwamba ndoa haifungwi Majilio. Zamani kulikuwa na makatazo juu ya shamrashamra na baraka kuu ya arusi kipindi hicho. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haina katazo hilo, ila maharusi wanaombwa waheshimu hali ya kipindi, na Dominika za Majilio husaliwa Misa ya siku hiyo, haiwekwi Misa ya ndoa mahali pake. Paroko anaweza kuwa na utaratibu wa parokia, hivyo nendeni mkamwone mapema kabla ya kulipia ukumbi.

"Yanaanza tarehe 1 Desemba, ni wiki nne"

Ni Dominika nne, si lazima ziwe wiki nne kamili. Dominika ya kwanza ni ile iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba, kwa hiyo huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Mwaka 2022 Majilio yalikuwa na siku 28. Mwaka 2023 yalikuwa na 22 tu: asubuhi ya tarehe 24 tulisali Dominika ya nne, jioni ile ile tukarudi kwa mkesha wa Noeli. Na siku hiyo ya kwanza ndiyo mwaka mpya wa Kanisa, karibu mwezi mmoja kabla ya Januari.

"Bila taji la mishumaa hakuna Majilio"

Taji ni zuri, ila ni la juzi. Mwaka 1839 mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini mjini Hamburg, alichukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, mikubwa minne ya Dominika na midogo ya siku za kati, watoto wahesabu wenyewe siku zilizobaki. Wakatoliki walilipokea baadaye sana. Kigangoni kwetu tunalisuka kwa matawi ya mvinje, na kwa kuwa mishumaa ya zambarau haipatikani, tunafunga utepe wa zambarau kwenye mishumaa myeupe mitatu na wa waridi kwenye wa nne. Linatosha kabisa. Kwa wanaouliza, Waadventista Wasabato wamebeba jina linalotokana na neno hilo hilo la kuja, wakimaanisha kurudi kwa Kristo, lakini kwa kawaida hawana kipindi cha Majilio kama chetu, au cha Walutheri na Waanglikana.

"Nguo mpya na safari ni mambo ya dunia, hayahusiani na Majilio"

Hapa natofautiana na baadhi ya wahubiri. Desemba nimemwona mama kwa fundi cherehani, ameshika kipande cha kitenge akikadiria kama kitatosha magauni mawili ya mabinti zake. Nimeona pia watu kwenye stendi ya mabasi ya Magufuli pale Mbezi Luis, Dar es Salaam, wamekalia mabegi tangu usiku, wanakwenda Kilimanjaro kuwaona wazazi. Siwezi kuwaambia hao kwamba hawangoji kitu kitakatifu.

Ila Yohane Mbatizaji alipoulizwa "tufanye nini basi?" hakujibu kwa mambo ya mawinguni. Luka sura ya 3 inasema alimwambia mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru akawaambia wasitoze zaidi ya walivyoagizwa. Askari akawaambia wasidhulumu mtu, watosheke na mshahara wao. Kila mmoja alitengenezewa njia palepale anapofanyia kazi. Mwaka mmoja nililipa nauli karibu mara mbili kwa sababu ilikuwa tarehe 22 na wakala alijua sina pa kwenda. Namwombea yule kijana Majilio mema kila mwaka, kwa dhati, maana somo lake limeandikwa wazi kabisa.

"Mwenye matumaini hasononeki"

Dominika ya tatu inaitwa *Gaudete*, Furahini, na padre anaweza kuvaa rangi ya waridi. Mwaka mmoja ambao Injili ilikuwa ya Mathayo, mama mmoja wa jumuiya yetu alipangiwa kusoma somo siku hiyo. Mumewe alikuwa kitandani mwezi wa tatu kwa kiharusi. Alinifuata Jumamosi akaniambia, "Mwalimu, nitafutie mtu mwingine. Mimi sina cha kufurahia, nitakuwa namdanganya Mungu." Nilimtafutia mtu mwingine, sikumhubiria.

Kesho yake Injili ilikuwa Mathayo 11. Yohane yumo gerezani. Aliyemtangaza Masiha kwa sauti kubwa jangwani sasa anawatuma wanafunzi wake wakaulize: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Swali hili la mtu aliye kifungoni na asiye na uhakika Kanisa limeliweka katikati ya Dominika ya furaha, na naamini limefanya hivyo kwa makusudi. Hata lile neno "furahini" lililoipa siku jina lake linatoka kwenye waraka kwa Wafilipi, ambao Paulo aliuandika akiwa kifungoni. Na Yesu hamkaripii Yohane. Anasema mwelezeni mnayoyasikia na kuyaona: vipofu wanaona, viwete wanakwenda, maskini wanahubiriwa habari njema.

Baada ya Misa hatukuwa na cha kumweleza yule mama ambacho angekiona, na hilo lilituuma. Jumatatu mwenyekiti akapanga zamu. Vijana walichota maji. Wawili walimsaidia kumgeuza mgonjwa na kumwosha asubuhi, kazi ambayo alikuwa akiifanya peke yake huku mgongo ukimuuma. Yule bibi wa mkekani alikwenda kila siku kukaa kando ya kitanda ili mama apate kwenda sokoni kuuza nyanya zake. Alikaa na rozari yake, akimfukuzia mgonjwa nzi kwa ncha ya khanga.

Mgonjwa hakuinuka mwezi ule. Dominika ya nne mama alinifuata sakristia kabla ya Misa akauliza kama somo la kwanza lina msomaji. Lilikuwa la Isaya sura ya 7. Alisimama mimbarini amevaa viatu vyake vya sokoni, akasoma polepole bila kukosea, mpaka alipofika kwenye jina Emanueli. Hapo sauti ikamkatika. Akameza mate, akaweka kidole chini ya neno, akalisoma tena.