Udongo wa Shambani Haununuliwi kwa Gunia

Wiki hii tena tumepigiwa simu kwenye maabara yetu ya utafiti wa dawa: mtu ana gunia la udongo mweusi wa kinamasi, anauliza tunanunua kilo kwa bei gani. Hatununui. Kijiko kimoja kinatutosha, na hata hicho hatukichoti bila karatasi.

Chenye thamani ni bakteria waliomo, hasa jamii ya Streptomyces, wale wanaoleta ile harufu ya mvua ya kwanza. Kutoka kwao ilipatikana, mwaka 1943, streptomisini, kiuavijasumu cha kwanza kutibu kifua kikuu. Ivermektini, inayogawiwa vijijini dhidi ya usubi (upofu wa mtoni), asili yake ni bakteria wa udongo uliochotwa karibu na uwanja wa gofu huko Japani.

Maabarani udongo hukaushwa, huzimuliwa, hupakwa kwenye sahani ya agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) na kuachwa katika nyuzi 28. Baada ya wiki hivi huota vidoa vikavu, vyeupe kama chaki. Kila kidoa huoteshwa jirani na vijidudu vya majaribio. Vikishindwa kukisogelea, duara angavu hubaki limekizunguka. Hapo wanafunzi wetu hushangilia. Mapema mno, kwa sababu mara nyingi ni kemikali iliyokwisha kujulikana tangu enzi za babu zao.

Sasa vibali. Nchini Kenya, chini ya Kanuni za 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki, mtafiti hupitia NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) kwa idhini ya utafiti, hupata ridhaa ya wahusika kabla ya kuchota, kisha huomba kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira). Sampuli ikivuka mpaka, hata kama ni bakteria tu ndani ya kichupa, lazima pawe na mkataba wa kuihamisha. Anayekiuka hukabiliwa na faini au kifungo. “Ni udongo tu, daktari” si utetezi, na tumeshausikia mara nyingi. Akabozi, dawa ya kisukari, hutokana na bakteria anayetajwa kuwa alitoka Ruiru. Malalamiko kuhusu mgao wa Wakenya katika faida yalizuka dawa ikiwa imeshauzwa kwa miaka.

Kwa hiyo mgeni akija na koleo na mifuko ya plastiki, mwombe kibali, soma jina na tarehe, umjulishe chifu. Usimfukuze, wengi wao wana nia njema.

Na wanaopaka udongo kwenye vidonda kwa kuwa “una dawa”: humo humo hukaa bakteria wa pepopunda. Osha kidonda kwa maji na sabuni, uende zahanati.