Vazi la Bizanti halikumfanya Tamar kuwa mtumishi wa Bizanti

"Kumbe waliiga tu Bizanti." Kila ninapofundisha sanaa ya enzi za kati ya Georgia, nchi ya milima ya Kaukazi, nasikia maneno haya, na yamenichosha. Mwanafunzi anamwona Malkia Tamar kwenye ukuta wa kanisa la Vardzia, monasteri iliyochongwa mwambani, kavaa vazi la kifalme la Constantinople, mji mkuu wa milki ya Bizanti, basi keshahukumu: nchi ndogo, watiifu kwa mkubwa wao.

Utazameni ukuta wenyewe. Mchoro ni wa kati ya 1184 na 1186. Tamar yuko nyuma ya baba yake, Giorgi III, ameshika mfano wa kanisa. Maandishi yanamwombea Tamar maisha marefu. Giorgi haombewi, maana alikwisha kufariki 1184. Marehemu, basi, amechorwa akimtangulia binti yake, wakati uleule ambapo wakuu wa nchi walikuwa wakimbana malkia kijana ili wapunguze mamlaka yake. Kiti kile kakirithi kihalali, ndilo jibu la ukuta. Aliyegharamia kazi, Rati Surameli, alikuwa mtawala wa jimbo la Kartli, naye kajichoresha humohumo. Kila aingiaye ajue yuko upande gani.

Na vazi? Wafalme wa Georgia waliotangulia walipokea vyeo kutoka kwa kaisari wa Bizanti. David IV, babu yake Giorgi III, akaviacha. Anayebaki na vazi huku cheo amekikataa anajiweka sawa na kaisari. Sarafu za Tamar zina Kijojia upande mmoja na Kiarabu upande wa pili: malkia mkuu, utukufu wa dunia na dini, mtetezi wa Masihi. Kaisari hatajwi popote. Kabla ya kuuliza mtindo umetoka wapi, ulizeni nani kasimama karibu na nani, nani kalipa, na nani bado yu hai. Nawasihi, anzeni hapo.

Yapo na madai mengine ninayoyasikia. "Tamar alikuwa mke wa mfalme." Hapana. Baba yake alimtawaza watawale pamoja tangu 1178, na cheo chake kilikuwa kilekile cha wafalme wanaume. Waume walikuja baadaye.

"Sanaa ya wafalme iliishia mijini." Pandeni milima ya Svaneti. Tevdore, aliyejiandika kuwa mchoraji wa mfalme, alipamba makanisa madogo ya huko: Iprari 1096, Lagurka 1111, Nakipari 1130.

"Picha ya David IV pale Gelati ndiyo sura yake halisi." Gelati ni monasteri aliyoianzisha 1106, akafa 1125. Mchoro ni wa karne ya 16. Waliomchora hawakuwahi kumwona, na wafalme wa wakati huo wa Imereti, ufalme wa magharibi mwa Georgia, wamejipanga naye kwenye ukuta uleule, wahesabiwe warithi wake.