Kazi ya presha: yasemwayo vijiweni Tabora na ukweli wake

Dhana: Kampuni ikikubana ndiyo inakukomaza.

Misimu minne nilikuwa karani wa mizani kwenye kampuni moja ya kununua tumbaku. Nilikomaa, sikatai. Siku moja robota la kilo 85 nililiandika 58. Msimamizi alinirudisha palepale, akanifundisha kutamka namba kwa sauti kabla kalamu haijagusa karatasi, maana kilo 27 zilizopotea ni ada ya mtoto wa mkulima wa Urambo. Somo lile lilichukua dakika kumi, asubuhi, kichwa kikiwa chepesi. Kubaki mizani hadi saa nne usiku hakukunifundisha kitu. Makosa yangu mengi niliyafanya giza likishaingia. Ukipata kampuni yenye watu wanaokusahihisha hivyo, vumilia kidogo. Usichanganye tu mafunzo na uchovu.

Dhana: Mshahara wa mwezi umeshalipia saa zote.

Hapa ndipo vijana wengi wanaumia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 ndani ya wiki nne, na kila moja hulipwa mara moja na nusu. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko, malipo ni mara mbili. Kanuni hizi haziwahusu wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti kwa uongozi wa juu. Karani si mmoja wao, hata akiitwa "kiongozi wa zamu".

Dhana: Ukidai, umejiharibia jina mji mzima.

Hofu hii naielewa, mji wetu watu wanajuana. Lakini Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili hiyo, na muda haukusubiri: aliyeachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka shauri, madai mengine siku 60. Nenda na maandishi. Mimi nilikuwa na daftari dogo la mistari, kila jioni naandika saa niliyoingia na niliyotoka.

Dhana: Ukiacha kazi mwenyewe, hudai chochote.

Si kweli. Unadai siku ulizofanya kazi, likizo uliyolimbikiza na cheti cha utumishi. Changu nilikifuata mara mbili ofisini kabla ya kukabidhiwa.