Ana mimba, au ameshiba tu? Maswali kuhusu mbwa jike

Maswali haya huulizwa na wafugaji wa hapa Tanga, kuanzia Chumbageni hadi Pongwe. Wengi wana mbwa mmoja wa kulinda uani, na ukuta mfupi ambao koko wa mtaani anauruka bila shida.

Daktari, shikamoo. Mbwa wetu alipandwa na koko. Nitajuaje kama ameshika mimba?

Marahaba. Alipandwa tarehe ngapi? Hapo ndipo wengi hukwama. Mbwa hubeba mimba siku 63 hivi. Ukihesabu tangu siku aliyopandwa, anaweza kuzaa kati ya siku ya 58 na ya 68, maana mbegu za dume huishi ndani yake siku kadhaa zikisubiri mayai. Aliyepandwa Machi 1, mtegemee karibu na Mei 3. Andika kwenye kalenda ya ukutani, usitegemee kichwa. Akipandwa na madume wawili siku tofauti, andika zote mbili. Watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti.

Dalili zinaonekana lini?

Wiki tatu za kwanza huoni kitu. Baadaye kidogo wapo wanaosusa chakula siku mbili tatu, au kutapika asubuhi. Kwenye wiki ya nne angalia chuchu: zinavimba, zinakuwa za waridi, hasa kwa anayebeba mara ya kwanza. Aliyekwisha kuzaa chuchu zake zimelegea tangu zamani, hazikuambii sana. Tumbo hujaa kuanzia wiki ya tano au ya sita, lakini mbwa mnene mwenye watoto wawili anaweza kukuficha hadi mwisho. Siku za mwisho akilala ubavu, kaa kimya umtazame: ngozi ya tumbo inacheza yenyewe.

Usimbonyeze ukitafuta watoto. Unaweza kuwaumiza.

Kile kipimo cha mkojo cha duka la dawa kinafaa?

Hapana. Kinatafuta homoni ya mimba ya binadamu, na mbwa hana homoni hiyo.

Wangu alinishinda: maziwa yanatoka, tumbo limejaa, siku zimepita na hajazaa.

Hiyo ni mimba ya uongo, na inadanganya hata wazoefu. Nyumba moja ya Makorora niliitiwa mbwa "aliyekataa kuzaa". Nilimkuta kwenye stoo ya mkaa, amechimba shimo chini ya magunia, amekumbatia kandambili moja kuukuu anailamba. Ukiisogelea, anakuonyesha meno. Maziwa yapo, mtoto hakuna hata mmoja. Baada ya joto, yaani siku za jike kutaka dume, mwili wake hutoa homoni za kutunza mimba kwa wiki nyingi hata kama hakupandwa. Homoni hizo zikishuka, nyingine ya kuleta maziwa inapanda, naye anaamini ni mama. Kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Msimkamue wala msimkande matiti kwa maji ya moto, mnayachochea maziwa. Ile kandambili iliondolewa taratibu alipotolewa matembezini.

Basi uhakika unapatikana wapi?

Kwa daktari wa mifugo. Mkono wenye uzoefu huwahisi watoto kati ya siku ya 28 na ya 35. Wakati huo wako kama gololi zilizopangwa. Ultrasaundi huonyesha mapigo ya moyo kuanzia siku ya 25 hadi ya 30. Eksirei hungoja mifupa ikomae, kwa hiyo ukitaka kujua idadi, mpeleke baada ya siku ya 55. Faida ya idadi utaiona usiku wa uzazi, pale unapojiuliza kama amemaliza.

Tumbo limejaa, anakunywa maji ovyo na amezubaa. Ni mimba?

Usingoje hesabu ya siku. Mwezi mmoja au miwili baada ya joto, kizazi kinaweza kujaa usaha. Wakati mwingine unatoka nje na kunuka, wakati mwingine umefungiwa ndani, na huo ndio hatari zaidi. Mpeleke leo hii. Kwa kawaida tiba yake ni upasuaji.

Nimpe nini?

Chakula chake cha kawaida mpaka wiki ya sita, kisha ongeza kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Dagaa na dona vinasaidia. Vidonge vya madini ya chokaa msimpe wakati wa mimba bila ushauri; vinaweza kumletea degedege akishazaa. Dawa za minyoo na za kupe pia ziulizie kwanza.

Siku yenyewe nitaijuaje?

Pima joto lake njia ya haja kubwa asubuhi na jioni, wiki ya mwisho. Kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likishuka chini ya 37.5, mara nyingi anazaa ndani ya saa 24. Atahangaika, atachimba, atahema. Mwandalie kona yenye kivuli na upepo. Joto la huku pwani humchosha haraka. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au ukaona majimaji ya kijani kabla ya mtoto wa kwanza, piga simu hata kama ni saa nane usiku.